Nani Atanionjea Kesho?

Saa tatu asubuhi, siku ya mwisho ya mgahawa, Kadogo alikuwa amejibanza nyuma ya friji kubwa la jikoni na bakuli la maharage mkononi.  

"Onja basi," alinong'ona. "Fanya haraka, Mzee asije akaingia."

Mwanamume aliyekuwa mbele yake alikuwa na kijiko tayari, lakini hakukichovya. Huyo ni Taratibu, mhudumu wa meza. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu katika miaka kumi na mmoja ya kubeba trei hakuwahi kumwaga kitu, isipokuwa mara moja tu, na hiyo tutaifikia sasa hivi. Mrefu, mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi likapigika. Alikuwa anamtazama Kadogo machoni wala si bakuli, na Kadogo akajikuta ameinamisha uso.

"Na kesho?" Taratibu aliuliza.

"Kesho nini?"

"Kesho nani atakuonjea?"

Moyo wa Kadogo ulipiga pa! Swali hilo alikuwa analala nalo na kuamka nalo tangu mwenye jengo alipotangaza kwamba ameliuza, na kwamba mnunuzi atalibomoa lote, mgahawa chini na vyumba juu, kikiwemo alichokuwa anaishi Kadogo. Wengine walilia kwa sababu ya kazi. Kadogo naye alilia, watu wakambembeleza wakidhani analilia kazi, kumbe mwenzao ana lake.

Maana ukweli ni huu: Kadogo, mpishi ambaye watu walivuka mji mzima kuja kula mchuzi wake, hakuwa na ladha mdomoni. Hana kabisa. Miezi minane iliyopita aliugua homa, akalala siku tisa, na alipoamka uji ulikuwa maji ya moto na chumvi ilikuwa mchanga. Alijiambia itarudi. Haikurudi. Hakumwambia mtu, na angemwambia nani? Mpishi asiyeonja ni sawa na dereva asiyeona, hakuna atakayemwachia usukani.

Siku ya kwanza kurudi kazini aliweka chumvi kwenye maharage, akasahau, akaweka tena. Taratibu akapita, akachota kijiko kwa uchokozi wake wa kila siku, na uso ukamkunjamana. Hakusema neno. Aliibeba ile sufuria kama anaihamisha, akaiachia. Maharage yote yakatapakaa sakafuni. Mzee, mwenye mgahawa, alifoka mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na Taratibu akaomba radhi, akachukua deki, akasafisha. Kisha akamfuata Kadogo stoo, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Tangu lini?" Kadogo alilia mpaka akapaliwa.

Toka hapo ikawa kila asubuhi, kabla Mzee hajafungua mlango wa mbele, wawili hawa wanakutana nyuma ya friji. Taratibu alikuwa na maneno matatu tu: bado, imetosha, imepita. Kadogo alizoea kuweka chumvi nusu, kisha kusubiri aambiwe bado. Na katikati ya bado na imetosha, mwenzangu, mapenzi nayo yakapata pa kupenya. Leo macho yamegongana, kesho kidole kimefuta unga shavuni, na Jumapili iliyopita Taratibu akamwambia waziwazi kwamba anataka kumuoa.

Leo ilikuwa Alhamisi, na jibu hakuna.

"Dada yako anamleta mtu leo," Taratibu alisema. "Yule mama mwenye nyumba ya wageni. Akikipenda chakula chako utaenda kupika kwake."

"Najua."

"Na kwake wahudumu wamejaa. Mimi sina nafasi."

"Najua, Taratibu."

"Na mjomba wangu ameniita nikafanye naye kazi huko mbali. Basi linaondoka leo saa kumi jioni."

"Najua!"

"Unajua, unajua! Kila kitu unajua, kujibu tu ndiyo hujui." Alisogea karibu, Kadogo akasikia joto la kifua chake. "Mimi si mtoto, Kadogo. Nina miaka arobaini. Niambie kitu kimoja nikae nacho. Unanitaka mimi, au unautaka ulimi wangu?"

  Kadogo angemjibu nini, na mwenyewe alikuwa hajui? Usiku alikuwa anajiuliza swali hilo hilo, na lilikuwa linamtia hofu kuliko kubomolewa kwa jengo. Je, siku ile ladha ikirudi, moyo wake utaendelea kumdunda akisikia viatu vya mtu huyu vikija? Au ni njaa yake tu ndiyo anaiita mapenzi?

"Nina sufuria zote hizi za kukolezwa, na wewe unaniuliza maswali ya namna hii," alisema hatimaye, na palepale akajichukia.

 Taratibu akachovya kijiko, akaonja.

"Bado," alisema.

Kadogo akaongeza chumvi.

"Imetosha."

Wakaenda hivyo sufuria kwa sufuria, nyama, mboga, supu, bado na imetosha, bila utani wala tabasamu. Walipomaliza, Taratibu alikikausha kijiko kwa leso, akakitia mfuko wa shati, akaenda kupanga meza.

Ilipofika saa saba mgahawa ulikuwa umefurika. Watu walikuja kuaga kwa matumbo yao. Mafundi wa gereji, washonaji, makarani, mpaka yule muuza nyama ambaye siku zote alisema chakula cha hapa ni kidogo, leo alikuwa kwenye sahani ya pili. Jikoni Kadogo alikuwa anapakua bila kuinua kichwa. Alisikia mlango wa nyuma unafunguliwa na mkoba unatua mezani.

"Kadogo."

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Hebu nikuone. Umevaa kilemba gani hiki? Mgeni wangu akiingia huku atafikiri umetoka kufua."

Dada alikuwa mfupi, Kadogo alimpita kwa kichwa kizima, lakini jikoni humo ungedhani ni kinyume chake. Mama yao alifariki Kadogo akiwa na miaka kumi na miwili, na Dada ndiye aliyemlea, akamfundisha mapishi kwa mkono wake, akamleta hapa kwa Mzee akiwa bado hawezi kufika kwenye rafu ya juu. Neno la Dada lilikuwa halirudishwi. Kadogo alikuwa na miaka thelathini na mitatu na hajawahi kulirudisha hata moja.

Dada alivuta stuli, akaketi katikati kabisa ya jiko na dirisha dogo la kupitishia sahani.

"Mama Miwani amekaa meza ya pembeni," alisema. "Nimekusifu kwake mpaka mate yamenikauka. Ukimpata huyu umepata jiko, umepata chumba kwangu cha kulala, umepata maisha. Unanisikia?"

"Nakusikia, Dada."

"Na yule wako amalize kazi yake leo, aende zake salama."

"Dada..."

"Usiniite Dada kwa sauti hiyo. Unafikiri sijui? Mwanamume mzima, kazi yake kuuliza watu 'na maji ya kunywa?' Huyo ndiye wa kukuoa? Mkilala njaa atakuletea nini, trei?"

 Dirishani uso wa Taratibu ulikuwa umekwisha tokea, na bila shaka alikuwa amesikia lote. Hakuonyesha kitu.

"Meza ya pembeni," alisema kwa sauti ya kazi. "Hataki cha sufuriani. Anataka samaki wa mchuzi, apikwe sasa hivi."

 Cha sufuriani chote kilikuwa kimeonjwa. Cha sasa hivi kitaonjwa na nani, na Dada ameketi pale kama askari wa lango? Kadogo alimtazama Taratibu, Taratibu akamtazama Dada, kisha akaondoka kwa sababu meza nyingine ilikuwa inamwita.

Haya basi. Akakaanga samaki. Akakata kitunguu, nusura akate kidole. Nyanya ikaingia, ikachemka, mvuke ukampanda usoni. Kwa macho aliona kila kitu kiko sawa, rangi nzuri, mafuta yameelea juu. Akatia chumvi, nusu, kama mkono ulivyozoea. Mkono ukasimama pale juu ya sufuria. Ulikuwa unasubiri kuambiwa bado.

Hakuna aliyesema.

Akachukua chumvi nyingine kidogo, akaogopa, akairudisha. Ile nusu nyingine ilikuwa kiasi gani? Zamani mkono ulikuwa unajua wenyewe. Kwa miezi minane ulikuwa haujamaliza kazi hiyo hata siku moja, kila mara umemaliziwa na mdomo wa mtu mwingine, na sasa ulikuwa umesahau. 

"Mbona huonji?" Dada aliuliza.

"Naonja, Dada."

Akadondosha mchuzi kiganjani, akalamba. Maji ya moto. Akatikisa kichwa kama wapishi wanavyofanya.

"Upo vizuri," alisema.

"Ningekuonjea mwenyewe, ila daktari kanikataza chumvi kwa ajili ya presha. Sasa hata maji naona yana chumvi," Dada alisema, akacheka peke yake. "Pakua, mgeni anasubiri."

Kadogo alipakua, akaisogeza sahani dirishani. Taratibu aliishika upande wake, na kwa nukta moja sahani ikawa mikononi mwa wote wawili. Kadogo alitikisa kichwa, kidogo sana. Sijui, alikuwa anamwambia. Sijui nimepika nini. Taratibu alifumba macho na kuyafumbua, akaichukua sahani.

Kutoka dirishani hadi ukumbini kulikuwa na kijia kifupi chenye beseni la kunawia na kimeza cha vichupa vya chumvi na pilipili. Kadogo aliinama akachungulia. Alimwona Taratibu anasimama pale, anaupa ukumbi mgongo. Kijiko kikatoka mfukoni. Akachota mchuzi pembeni mwa sahani, akaonja.

Na hapo ndipo Dada naye aliinuka kumchungulia mgeni wake.

"Yesu na Maria na Mitume wote!" Dada alipiga kelele. "Anakula! Anakula chakula cha mgeni wangu!"

Kadogo alimshika mkono. "Dada, ngoja..."

Angengoja wapi! Alikuwa ameshatoka kwa mlango wa kijia, kanga imemteleza begani hana habari nayo. Taratibu alikuwa ameshika kichupa cha chumvi, ameshanyunyiza, anakoroga kwa ncha ya kijiko. Dada hakuona chumvi. Aliona kijiko tu.

"Wewe! Huoni haya? Sahani ya mgeni unaila njiani?"

Ukumbi mzima ukanyamaza. Kama umewahi kusikia watu arobaini wanaacha kutafuna kwa pamoja, utajua ukimya ule ulivyokuwa. Mzee alitoka nyuma ya kaunta, ameshika kiuno kama kawaida yake.

"Kuna nini?"

"Muulize mhudumu wako! Nimemwona kwa macho yangu, kijiko mdomoni!"

"Taratibu," Mzee alisema, "ni kweli?"

Taratibu alikuwa bado ameishikilia ile sahani, haijamwagika hata tone.

"Nimeonja, Mzee."

"Umeonja? Nani kakutuma? Tangu lini mhudumu anaonja sahani ya mteja?"

Taratibu aliisawazisha sahani mkononi.

"Ninakuuliza!"

"Sina la kusema, Mzee."

Muuza nyama akapaza sauti toka mezani kwake, "Kumbe ndiyo maana! Mimi siku zote nasema nyama hazitimii, mnaniambia nina uroho!"

Watu wakacheka. Cheko lile lilikuwa la mzaha tu, la watu walioshiba, lakini Kadogo kule dirishani lilimkata maini. Huyu mtu ambaye chakula chake mwenyewe alikuwa anakula amesimama, saa kumi jioni, baada ya meza zote kufutwa!

"Miaka kumi na mmoja," Mzee alisema. "Nikiulizwa nani mwaminifu hapa, nilikuwa nakutaja wewe. Leo, siku ya mwisho, mbele ya watu wangu wote. Weka sahani chini. Vua aproni, uende."

Taratibu aliweka sahani mezani kwa Mama Miwani, taratibu, akageuza upande wenye samaki umwelekee mteja. Akafungua fundo la aproni. Na Kadogo aliona jambo moja lililomtoa machozi: Taratibu hakutazama dirishani. Alitazama sakafu, alitazama ukuta, alitazama kila mahali isipokuwa pale, ili mtu yeyote asije akayafuata macho yake.

Kadogo angeweza kunyamaza. Ilikuwa rahisi, tena rahisi mno. Mchuzi ulikuwa umeshawekwa sawa, angepata kazi, angepata chumba, Dada angemsifia mtaa mzima. Taratibu angepanda basi lake akiwa mwizi wa chakula, na angebaki hivyo midomoni mwa watu hata jengo likishakuwa kifusi. Na asubuhi ya Jumatatu Kadogo angesimama mbele ya jiko geni, akatia chumvi nusu, akasubiri sauti ambayo haipo. Alijiona pale, akaogopa. Kisha akajaribu kuliondoa jiko, akaondoa chumvi, akaondoa kazi yenyewe, akabaki na asubuhi tupu isiyo na viatu vile vikija. Akaogopa zaidi.

Miguu ilimpeleka yenyewe. Alipofika mlangoni mwa ukumbi, mwiko ungali mkononi.

"Ni mimi," alisema. Hakuna aliyesikia. Akapaza sauti. "Ni mimi! Mwacheni! Ameonja kwa sababu mimi siwezi!"

Vichwa vikageuka.

"Kadogo, rudi jikoni," Dada alisema.

"Sina ladha, Dada. Toka ile homa. Sisikii chumvi, sisikii sukari, sisikii kitu. Miezi minane Taratibu ananionjea. Kila mlichokula hapa, yeye ndiye aliyekipitisha. Hakuiba hata punje ya wali. Na yale maharage, Mzee, hayakumponyoka. Yalikuwa chumvi tupu, akayamwaga asinitie aibuni."

Mzee aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa cha mteja, na mteja akampisha.

"Nikamtukana siku ile," alisema polepole. "Nikamtukania na mama yake."

Muuza nyama aliitazama sahani yake, akaacha kutafuna.

Dada alikuwa ameshika kifua. "Hujaniambia," alisema. "Mimi! Unaumwa miezi minane, hujaniambia mimi?"

"Niliogopa."

"Unaniogopa mimi?"

"Naogopa kila mtu, Dada."

 Mama Miwani alichukua uma, akakata kipande cha samaki, akachovya kwenye mchuzi, akala. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama anavyotafuna. Akafuta mdomo.

"Ni mtamu," alisema. "Chumvi imekaa pake. Lakini binti, mimi nina nafasi ya mpishi mmoja, si ya mpishi na mdomo wake. Wageni wangu wakilishwa vibaya, naulizwa mimi. Nisamehe." Aliinuka, akachukua mkoba. "Na ahsante kwa kuniambia leo."

Mgeni alipotoka, Dada alisimama mbele ya mdogo wake. Macho yalikuwa yamejaa, lakini mdomo ulikuwa umekaza.

"Umeniaibisha, Kadogo. Nimekulea, nimekutafutia, na wewe unanivua nguo mbele za watu kwa ajili ya mbeba sahani."

"Amebeba zaidi ya sahani, Dada."

Lilikuwa neno la kwanza alilowahi kumrudishia. Dada alirudi nyuma hatua moja kana kwamba amesukumwa. Akavuta kanga yake begani, akapita kijiani, na mlango wa nyuma ukasikika umefungwa kwa nguvu.

Taratibu naye hakuwepo. Aproni ilikuwa imekunjwa juu ya kaunta. Kadogo alitoka mbio na mwiko wake mpaka nje, akamkuta hatua chache tu mbele ya duka la vitambaa, begi begani, amesimama kama mtu aliyesahau njia.

"Kwa nini umesema?" Taratibu alimuuliza kabla hajafika. Alikuwa amekasirika kwelikweli. "Nilishakubali! Ningeondoka, ungepata kazi, yangeisha! Nani kakutuma unisaidie?"

"Hukunituma. Uliniuliza."

"Nilikuuliza nini?"

"Asubuhi, uliniuliza." Pumzi zilikuwa zinamkatika. "Sasa tazama. Sina jiko, sina kazi, sina sufuria ya kuonjwa. Ulimi wako sina haja nao tena, Taratibu, hata ukinipa bure. Nakutaka wewe."

Aliposema hivyo aliisikia hofu mpya, kubwa kuliko zote za siku hiyo, kwa sababu Taratibu aligeuza uso, akatazama njia ya stendi. Watu walikuwa wanapita, mmoja akamkwepa kwa ajili ya mwiko. Kadogo alisubiri. Akafikiri, nimechelewa. Nimemwacha avuliwe aproni kwanza, ndiyo nikafungua mdomo. Sasa hanitaki.

"Kuna kitu hukijui," Taratibu alisema mwishowe. Hakuwa na hasira tena. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Nikikwambia utaondoka."

"Niambie."

"Kila asubuhi nikija nyuma ya friji, nilikuwa naogopa utaniambia leo nimeisikia chumvi. Nilikuwa naomba isirudi. Mungu anisamehe, Kadogo. Nilikuwa nakuombea usipone, maana ukipona huniiti tena."

 Kadogo alimtazama mtu huyu mwenye shati lililonyooka, ambaye amembebea aibu mara mbili bila kulalamika, na kumbe kila siku moyoni alikuwa anamwombea ugonjwa. Lilimchoma, tusidanganyane. Alitamani kumpiga kwa ule mwiko. Alitamani pia kumkumbatia pale pale mbele ya duka la watu, na hakujua kipi kilikuwa kinakuja kwanza.

"Miezi minane," alisema, "hujaniambia hata siku moja niende hospitali."

"Sijakwambia."

"Ulikuwa unajua kwamba ningekwenda ukiniambia."

"Nilikuwa najua."

"Basi kesho utanipeleka."

Taratibu alimtazama kama hakusikia vizuri.

"Utanipeleka wewe mwenyewe," Kadogo alisema.  "Utakaa kwenye benchi mpaka tuitwe. Utamsikiliza daktari. Wakinipa dawa, utahakikisha nakunywa. Nataka nipone, Taratibu, ukiwa umekaa hapo unaona."

"Na ukipona?"

"Sijui. Mimi naogopa kama wewe. Lakini ukinitaka mgonjwa tu, panda basi lako."

Taratibu alilitua begi chini. Alilitazama lile begi, akaitazama njia ya stendi, akapangusa uso kwa leso ile ile ya vijiko.

"Nikufuate wapi?"

"Kwa Dada. Leo sina pengine pa kulala, na itabidi nikampigie magoti kwanza."

"Atanitoa kwa mwiko."

"Atakutoa."

Taratibu aliliokota begi, akaipa njia ya stendi mgongo.

"Saa mbili kamili asubuhi," Taratibu alisema, "nitakuwa nimesimama mlangoni kwa Dada yako. Mwambie, naye amwambie yeyote anayetaka kujua, kwamba nakuja kumchukua mgonjwa wangu akapone."